Kutoka kaunta ya duka hadi uwaziri mkuu: Thomas Greenway na wenye maduka wa Manitoba

Msomaji mmoja ameuliza hivi: "Mwalimu, nikisoma historia ya Kanada nimeona kwamba jimbo la Manitoba, kuanzia 1888 hadi 1915, liliongozwa karibu muda wote na watu wawili waliowahi kuwa na maduka katika miji midogo. Mtu anatokaje kwenye kuuza misumari na sukari hadi kuongoza jimbo? Ni fedha zake zilizombeba? Na kwa nini watu wa aina hiyo walipotea baadaye?"

Ndugu yangu, swali lako ni zuri, na nitaanza na sehemu ya fedha kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea. Mwenye duka wa mji mdogo wa Kanada katika karne ya 19 mara nyingi hakuwa na fedha mkononi. Alichokuwa nacho ni madeni: aliyowadai wengine na aliyodaiwa yeye. Madeni hayo ndiyo yaliyomfundisha siasa.

Wawili unaowataja ni Thomas Greenway, waziri mkuu wa jimbo kuanzia Januari 1888 hadi Januari 1900, na Rodmond Roblin, kuanzia Oktoba 1900 hadi Mei 1915. Katikati yao Hugh John Macdonald, mwanasheria, alishika kwa miezi michache tu. Nitakaa zaidi na Greenway, maana maisha yake yanaonyesha jambo hili tangu hatua ya kwanza. Roblin nitamwita pale tutakapomhitaji.

Greenway alizaliwa 1838 huko Cornwall, Uingereza, akavushwa bahari na wazazi wake akiwa mtoto. Familia ilitua katika kaunti ya Huron, magharibi mwa Ontario, eneo la misitu iliyokuwa ikifyekwa kwa ajili ya mashamba. Alipokua alifungua duka la bidhaa mchanganyiko huko Centralia. Duka la namna hiyo liliuza kila kitu: chai, sukari, vitambaa, buti, mafuta ya taa, shoka, dawa za kikohozi.

Hebu tusogee tutazame daftari la duka kama hilo. Mkulima wa ngano alipata fedha mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Miezi mingine yote alikuwa mtupu. Kwa hiyo alichukua mali kauli: leo misumari, wiki ijayo kitambaa cha nguo za watoto, mwezi ujao chumvi na mafuta ya taa. Mkewe akileta mayai na siagi, thamani yake ilipunguzwa kwenye deni. Vuli ikifika, ngano ikiuzwa, ndipo hesabu ilipofungwa, ikiwa itafungwa. Kwa upande wa pili wa kaunta, mwenye duka naye alikuwa amechukua mzigo kwa mkopo kutoka kwa wauzaji wa jumla wa miji mikubwa kama Toronto na Montréal, na hao hawakungoja mvua. Baridi kali ikiua ngano mwezi Agosti, wa kwanza kulia ni mkulima na wa pili ni mwenye duka wake.

Daftari hilo lilikuwa na habari ambazo hakuna mtu mwingine mjini aliyezikusanya mahali pamoja. Mwenye duka alimjua anayelipa na asiyelipa, aliyeanza kulewa, aliyefiwa, anayegombana na jirani juu ya mpaka, ambaye kijana wake anatafuta kazi. Maduka mengi yalikuwa pia ndiyo posta, kwa hiyo barua na magazeti yalipita hapo, na watu walikaa kuzunguka jiko la chuma wakibishana kuhusu serikali. Mwenye duka alisikiliza yote huku akipima chai.

Sasa usikimbilie kusema kwamba wadaiwa walimpigia kura kwa kuogopa deni. Wako wanaodai hivyo, na kwa juu juu inaingia akilini, kwa sababu hadi 1874 kura katika uchaguzi wa bunge la Kanada ilipigwa kwa mdomo, mbele ya watu. Uliitwa, ukataja jina la mtu wako kwa sauti, na aliyekukopesha akasikia. Kama hofu ya deni ingetosha, Greenway angeshinda kwa kishindo. Aligombea kiti cha Huron Kusini mwaka 1872 akashindwa, akarudi mapema 1874 akashindwa tena, mara zote kwa mfumo huohuo wa kutaja jina hadharani. Deni lilimpa kufahamiana na watu, halikumpa utii wao.

Kilichomfikisha bungeni kilikuwa cha kimyakimya zaidi. Alikuwa tayari amepitia halmashauri ya kata ya Stephen kama mwenyekiti, kazi ya barabara, madaraja na mitaro. Ushindi wa mpinzani wake wa 1874 ulipobatilishwa, kwenye uchaguzi mdogo wa 1875 Greenway alipita bila kupingwa. Alikwenda Ottawa, makao ya serikali kuu ya Kanada, kwa jina la mhafidhina anayejitegemea, na haikuchukua muda akawa anaiunga mkono serikali ya Kiliberali ya Alexander Mackenzie. Wapinzani wake walimwita kigeugeu. Mimi naona pale tabia ya kaunta: nusu ya wateja wako ni wa chama hiki na nusu ni wa kile, na mwenye duka anayekuwa shabiki mno hubaki na nusu ya mauzo. Alitazama nani anaweza kutoa kitu, akaegemea huko. Tabia hii ilimsaidia kwa miaka mingi, kisha ikamponza, tutafika.

Mwaka 1878 hakugombea tena. Macho yake yalikuwa yameelekea magharibi. Manitoba ilikuwa jimbo tangu 1870, ikiwa imezaliwa kutokana na upinzani wa Wametisi, watu wa damu mchanganyiko ya Wazungu na wenyeji, chini ya Louis Riel. Sheria iliyoliunda jimbo ilizilinda Kifaransa na shule za madhehebu, kwa sababu wakati ule wasemaji wa Kifaransa na wa Kiingereza walikuwa karibu sawa kwa idadi. Mizani hiyo haikudumu. Watu wa Ontario walianza kumiminika, na Greenway alikuwa mmoja wa waliowaleta: aliongoza makundi ya walowezi hadi kusini mwa jimbo, pungufu ya kilomita 20 kutoka mpaka wa Marekani, na huko akauanzisha mji wa Crystal City. Aliyekuwa akiuza vitambaa sasa aliuza matumaini ya viwanja. Na katika uchaguzi wa jimbo wa 1879 alipita tena bila kupingwa, katika eneo la Mountain.

Hapa nieleze kidogo ubunge wa jimbo ulikuwa kazi gani, kwa sababu usipoelewa hili hutaelewa kwa nini wenye maduka waliufaa. Bunge la Manitoba lilikuwa na viti 24 tu. Lilikutana miezi michache, kwa kawaida wakati wa baridi, mashamba yakiwa chini ya theluji na biashara ikiwa imelala. Mkulima mdogo asiye na mtu wa kumwachia mifugo hakuweza kwenda Winnipeg, mji mkuu wa jimbo, wiki kadhaa. Mwenye duka mwenye karani, mkewe au kaka wa kusimamia kaunta, aliweza. Na mambo yenyewe yalikuwa daraja la hapa, mtaro wa pale, mpaka wa wilaya ya shule, mbegu za mkopo kwa waliopigwa na baridi. Hizo ni habari za daftari lake.

Juu ya hayo palikuwa na jambo kubwa zaidi. Katiba ya 1867 iliyapa majimbo shule, hospitali, kazi za umma za ndani na serikali za mitaa, lakini Manitoba, tofauti na majimbo ya zamani, haikumiliki ardhi yake ya umma. Ottawa iliishikilia hadi 1930. Jimbo halikuweza kuuza ardhi kugharimia barabara. Liliishi kwa ruzuku ya serikali kuu. Waziri mkuu wa Manitoba alipanda treni kwenda mashariki kuomba nyongeza na muda, kama mwenye duka anavyomwendea muuzaji wake wa jumla na kofia mkononi.

Kisha reli. Ukitaka kujua kwa nini siasa za Manitoba za miaka ya 1880 zilikuwa siasa za watu wa biashara, soma mkataba wa 1881 kati ya serikali kuu na Reli ya Kanada ya Pasifiki. Kifungu chake cha 15 kiliizuia, kwa miaka 20, reli nyingine yoyote kujengwa kusini ya ile njia kuu kuelekea mpaka wa Marekani. Na bunge la Manitoba lilipopitisha sheria za kuruhusu reli zake lenyewe, Ottawa ilizifuta moja baada ya nyingine. Kampuni moja ikawa inapanga nauli ya kila gunia la ngano linalotoka na kila pipa la misumari linaloingia. Mwenye duka aliumia mara mbili: alilipia mzigo wake unaokuja, na wateja wake walibaki na kidogo cha kulipia deni kwa sababu nauli ilikula bei ya ngano. Hakuhitaji mtu wa kumhubiria haki za majimbo. Alizisoma kwenye hati za mizigo.

Tena reli iliweza kuua mji kwa kupita kando tu. Nelsonville, mji uliokuwa na maduka na ofisi zake kusini mwa Manitoba, uliachwa mbali na njia ya reli katikati ya miaka ya 1880. Watu waliyapakia majengo yao juu ya magogo wakayaburuta hadi kituoni, mahali panapoitwa Morden leo. Mwenye duka aliyeona hayo kwa jirani alijua kwamba ramani ya reli ni suala la uhai wake.

Greenway akawa kiongozi wa upinzani dhidi ya John Norquay, waziri mkuu mwenye asili ya Wametisi, ambaye naye alijitahidi kujenga reli ya jimbo hadi mpakani. Mradi huo ulimkaba Norquay kifedha na kisiasa, akajiuzulu Desemba 1887. Mrithi wake David Harrison alidumu wiki chache. Januari 1888 Greenway akawa waziri mkuu, na wizara ya kilimo na uhamiaji akaishika mwenyewe. Kwangu mimi hilo halishangazi: aliona kuwa jimbo linahitaji watu na ngano, mengine yatafuata.

Mwaka huohuo Ottawa ililegeza. Serikali kuu ilikubali kudhamini riba ya hati za mkopo za dola milioni 15 za Reli ya Kanada ya Pasifiki, na kampuni ikaachia ukiritimba wake. Ulikuwa ushindi mkubwa, na Greenway akaufuatisha na mapatano na kampuni ya Kimarekani ya Northern Pacific ili iendeshe reli shindani. Oktoba 1888 ikafika siku ya njia mpya kukatiza reli ya zamani kusini-magharibi mwa Winnipeg. William Whyte, msimamizi wa kampuni ya zamani, aliegesha kichwa cha treni mahali hasa pa kukatizia, akakusanya mamia ya wafanyakazi wake. Jimbo nalo likapeleka watu wake. Makundi mawili yalitazamana kwenye baridi siku kadhaa. Watu wa serikali walitandika makutano ya reli, watu wa kampuni wakayang'oa. Hakuna aliyepigwa risasi. Suala likaishia mahakamani, jimbo likapata haki yake, na mahali pale watu wakapabatiza kwa kejeli Fort Whyte, ngome ya Whyte. Jina lipo mpaka leo.

Halafu nauli hazikushuka. Hapa ndipo kaunta ilipomponza Greenway. Kampuni mbili zilipoishia kuwa jirani, ziliona hakuna faida ya kuumizana, na ushindani uliotarajiwa ukayeyuka. Greenway alidhani kwamba ukileta mfanyabiashara wa pili bei itashuka yenyewe, kama ilivyo maduka mawili yakifunguliwa barabara moja. Reli haikuwa duka. Roblin, aliyekuwa na duka Carman kabla ya kugeukia biashara ya nafaka, aliingia bungeni 1888 kama Mliberali, akagombana na Greenway juu ya mpango huohuo wa reli na kuhamia upinzani. Alipopata uwaziri mkuu alirekebisha kosa: mwaka 1901 jimbo liliunga mkono kampuni nyingine, Canadian Northern, kwa masharti kwamba serikali iwe na sauti katika kupanga nauli. Nauli ya ngano hadi bandari za Ziwa Superior ikashuka kutoka senti 14 kwa ratili 100 hadi senti 10. Kwa mkulima hilo lilikuwa jambo la kushika mkononi.

Nirudi kwa Greenway, kwa sababu jina lake leo halikumbukwi kwa reli, linakumbukwa kwa shule, na hilo sitalipamba. Mwaka 1890 serikali yake ilifuta mfumo wa shule za umma za Kikatoliki na Kiprotestanti, ikaweka mfumo mmoja usio wa dhehebu, na ikaondoa Kifaransa kama lugha rasmi ya jimbo. Mwanasheria mkuu wake Joseph Martin ndiye aliyekuwa moto wa jambo hili, lakini waziri mkuu alikuwa Greenway. Miaka miwili nyuma, akitafuta uungaji mkono wa wasemaji wa Kifaransa ili aunde serikali, alikutana na mjumbe wa Taché, askofu mkuu wa Kikatoliki, na upande wa kanisa ulishikilia kwamba alitoa ahadi ya kutogusa shule zao wala lugha yao. Yeye alikana. Kila mtu na aamue. Mimi naona kwamba mtu aliyezoea kumwambia kila mteja neno la kumpendeza mwishowe huwekwa kwenye mizani mbele ya wateja wawili kwa pamoja. Wasemaji wa Kifaransa walikuwa wamekuwa wachache, na kura zilikuwa kwa watu wa Ontario.

Kesi zilikwenda hadi Baraza la Faragha huko London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa Kanada wakati ule, mara mbili, na suala likawa la nchi nzima, likachangia kuiangusha serikali ya Wahafidhina katika uchaguzi wa 1896. Wilfrid Laurier, Mliberali, alipoingia Ottawa kama waziri mkuu wa nchi, yeye na Greenway walipatana Novemba 1896, na masharti yenyewe ukiyasoma utamtambua mtu wa daftari. Mafundisho ya dini yawe nusu saa ya mwisho ya siku. Mwalimu Mkatoliki aajiriwe penye watoto Wakatoliki 40 mjini au 25 shamba. Watoto 10 wakisema Kifaransa au lugha nyingine isiyo Kiingereza, wafundishwe kwa lugha mbili. Hesabu iliyofungwa vizuri, lakini Wakatoliki hawakuona kwamba walilipwa walichodai. Mwaka 1916 serikali nyingine ikafuta hata zile lugha mbili shuleni, na ilichukua hadi 1979 Mahakama Kuu ya Kanada kutamka kwamba sheria ya lugha ya 1890 ilivunja katiba.

Desemba 1899 Greenway alishindwa uchaguzi. Alirudi bunge la Ottawa mwaka 1904, akafariki Oktoba 1908. Roblin alidumu muda mrefu zaidi, na mwisho wake ulikuwa mbaya zaidi: serikali yake iliununua mtandao wa simu 1908, ikajaribu kumiliki maghala ya nafaka na kushindwa, kisha ikaanguka 1915 kwa kashfa ya fedha za ujenzi wa jengo jipya la Bunge. Katika miaka hiyohiyo aliwapinga wanawake waliodai kura. Waliipata Januari 1916, chini ya mrithi wake.

Sasa sehemu ya mwisho ya swali lako, kwa nini walitoweka. Tazama kilichoipata kaunta. Mwaka 1905 kampuni ya Eaton ya Toronto ilifungua duka kubwa Winnipeg, na mkulima wa mbali akaanza kuchagua buti na jiko kwenye kitabu chake cha bidhaa, analipa taslimu, mzigo unakuja kwa treni. Mwaka 1914 posta ilianza kubeba vifurushi, na mambo yakawa rahisi zaidi. Mwenye duka alibakiwa na wateja wa mkopo, yaani wale wasioweza kulipa taslimu. Upande wa ngano, wakulima waliunda kampuni yao ya kuuza nafaka mwaka 1906, wakajifunza wenyewe hesabu, mikutano na hotuba, mambo waliyokuwa wakiyaacha kwa mwenye duka. Mzozo wa nauli na bei ya nafaka sasa ulikuwa na wasemaji wake shambani.

Mwaka 1922 Umoja wa Wakulima wa Manitoba ulishinda uchaguzi wa jimbo bila hata kuwa na kiongozi. Wabunge wapya walipokaa kumtafuta waziri mkuu, walimwita John Bracken, mkuu wa chuo cha kilimo, ambaye hakuwa amegombea kiti chochote. Alikaa madarakani hadi 1943.